Nguo au Minyororo?

Kuna mabishano ya zamani ambayo hata leo hayajaisha. Yahusu vitabu vya hadithi za picha vya Marekani viitwavyo Wonder Woman, maana yake Mwanamke wa Ajabu. Vilianza mwaka 1941, na mtungaji wake alikuwa William Moulton Marston, mwalimu wa saikolojia. Shujaa huyo ana nguvu kupita wanaume; huzuia risasi kwa vikuku vyake, na mwongo akitiwa katika kamba yake hana budi kusema kweli. Wengine wasema: kitabu kibaya, maana shujaa yu karibu uchi. Wengine wasema: kitabu kizuri, maana wasichana waona humo mwanamke asiyemwogopa mtu. Sisi twasema pande zote mbili zimetazama jalada tu.

Tuanze na watu wa nyumba yetu. Mwaka 1942 ofisi ya maaskofu wa Marekani iliyochungua vitabu vya vijana ilitia gazeti la shujaa huyo katika orodha ya magazeti yasiyofaa. Mchapishaji akauliza sababu. Askofu Noll akamjibu kwamba mwanamke huyo hakuvaa nguo za kutosha. Hatumcheki askofu. Heshima ya mwili si neno dogo, na mama wengi wa parokia zetu wangesema vilevile. Lakini kama nguo ndiyo hukumu yote, tufanyeje na Yudithi? Yeye naye alijipaka manukato, akavaa vikuku ili macho ya wanaume yanaswe, akaingia katika hema ya Holoferne, akamkata kichwa. Kanisa halioni haya kusoma kitabu chake, maana lakisoma chote: kufunga kwake, sala yake, hatari ya mji wake.

Basi na kitabu cha Marston kisomwe chote. Ndani yake mwanamke hufungwa. Hufungwa kwa minyororo, hufungwa kwa kamba, hufunikwa macho, hadithi baada ya hadithi. Tena mwanamume akiunga minyororo na vikuku vyake, nguvu zote zamtoka. Mwaka 1943 Bibi Josette Frank, mshauri wa mchapishaji huyohuyo, alilalamika juu ya jambo hilo. Mwaka uleule askari mmoja aliandika barua, akakiri kwamba kumwona mwanamke aliyefungwa humtia tamaa. Hapo mchapishaji akashtuka (kumbe wasomaji wake si watoto peke yao!), akataka minyororo ipunguzwe. Marston alijitetea: kufungwa huku hakuumizi mtu, na yafaa watu wajifunze kupenda kutiishwa. Je, huyo ndiye mwalimu wa uhuru wa wanawake?

Marston alikufa mwaka 1947, na waliomfuata waliandika kila mtu kwa namna yake. Lakini swali la nguo halikukoma. Mwaka 1968 walimvika shujaa suruali na mavazi ya kisasa, wakampa na duka la nguo. Siku zilezile wakamwondolea nguvu zake. Amevaa vizuri, hana nguvu! Wanawake wa gazeti la Ms. walilalamika kwa haki, wakamweka kwenye jalada lao mwaka 1972. Mwaka 1973 nguvu zikarudi, na vazi la zamani pia. Kisha Oktoba 2016 Umoja wa Mataifa ulimfanya balozi wa heshima wa wanawake na wasichana. Watu wengi wakatia sahihi kupinga: mavazi, umbo, kiuno. Kabla mwaka haujaisha, ubalozi umekwisha. Nani aliuliza juu ya minyororo?

Watetezi hutujibu kwamba mwishoni yeye hukata minyororo. Kweli, huikata. Lakini baba anayetaka kumpa mwanawe vitabu vile vya Marston aketi kwanza, penseli mkononi, ahesabu picha ngapi ni za kufungwa na ngapi za kufunguliwa. Akimaliza, na aje tubishane.