Florida: Nani Alipe Maji Yakiingia Sebuleni?

Kimbunga Ian kilipotua kusini-magharibi mwa Florida tarehe 28 Septemba 2022, redio na televisheni zilihesabu kasi ya upepo, lakini walioathirika zaidi waliathiriwa na maji. Bahari ilisukumwa hadi Fort Myers Beach ikiwa na kimo cha kati ya futi 10 na 15, ikazoa nyumba za mbao pamoja na magari na boti. Watu wapatao 150 walipoteza maisha jimboni humo, na hasara yote ikakadiriwa kupita dola bilioni 110. Kisha wakaja wakaguzi wa bima, na mbele ya kila kifusi walitaka kujua jambo moja kwanza: ukuta huu umeangushwa na upepo au na maji?

Jibu lake lina thamani ya nyumba nzima. Bima ya kawaida ya nyumba nchini Marekani hulipia paa lililoezuliwa na upepo, na mvua iliyoingia kupitia paa hilo. Maji yanayopanda kutoka chini, yawe ya bahari, ya mto au ya mtaro uliojaa, hayamo. Kwa hayo inabidi ukate bima ya pili, na mwenye duka lake kubwa ni serikali kuu, kupitia Mpango wa Taifa wa Bima ya Mafuriko unaosimamiwa na FEMA, shirika la shirikisho la majanga. Hata mkataba ukiwa na nembo ya kampuni binafsi, mara nyingi kampuni hiyo imepewa kazi ya kuuza na kukagua tu; fidia hutoka mfuko wa serikali. Zipo kampuni zinazobeba hatari hiyo zenyewe, na Florida zinaongezeka, ila nazo huchagua wateja. Hakuna jimbo lenye mikataba mingi kuliko Florida: takribani milioni 1.7, zaidi ya theluthi moja ya mikataba yote nchini.

Basi ubishi wa miaka hii ni huu: je, malipo ya bima yapandishwe hadi yalingane na hatari yenyewe, au yabaki chini ili mtu wa kipato cha kawaida aendelee kuishi pwani? Mimi nasema bei iseme kweli, na anayestahili msaada asaidiwe kwa fedha zinazoonekana kwenye bajeti, jina lake na kipato chake vikijulikana. Kwa zaidi ya miaka 50 mambo hayo mawili yamechanganywa katika ankara moja, na hiyo ndiyo kasoro iliyozaa nyingine zote.

Kampuni binafsi zilijitoa katika biashara hii zamani, hasa baada ya mafuriko makubwa ya mto Mississippi ya 1927. Moto huunguza nyumba moja huku mia nyingine zikiendelea kulipa; mafuriko hukumba wateja wote wa bonde zima usiku mmoja. Isitoshe, anayejitokeza kukata bima hiyo ni yule anayejua maji yatamfikia, wakati jirani yake wa mlimani hana haja nayo. Mwaka 1965 Kimbunga Betsy kiliizamisha sehemu ya New Orleans, na miaka mitatu baadaye Bunge la Marekani likapitisha sheria iliyoanzisha mpango huu. Yalikuwa makubaliano: serikali iuze bima nafuu, na miji idhibiti ujenzi katika maeneo ya maji. Nyumba zilizokuwepo tayari zilipewa bei ya ruzuku, kwa imani kwamba zitachakaa, zitabomolewa, na ruzuku itaondoka pamoja nazo.

Waliotunga sheria hawakuwajua wapenda bahari. Nyumba ya ufukweni haiachwi ichakae. Inafurika, inalipwa fidia, inakarabatiwa, inauzwa kwa bei kubwa zaidi, inafurika tena. Takwimu zinazonukuliwa mara nyingi zinaonyesha kwamba takribani asilimia 1 ya mikataba, ile ya nyumba zinazofurika mara kwa mara, imechukua kati ya asilimia 25 na 30 ya fidia. Vilipokuja vimbunga Katrina mwaka 2005, Sandy 2012 na Harvey 2017, mfuko ulilazimika kukopa Hazina. Mwaka 2017 Bunge lilifuta dola bilioni 16 za deni hilo, na bado zikabaki zaidi ya bilioni 20. Riba yake hutolewa katika malipo ya wateja wa leo, akiwemo yule ambaye nyumba yake haijawahi kuingia hata tone.

Kosa la bei lilikuwa na pacha wake, nalo ni ramani. FEMA huchora mstari kuzunguka maeneo ambayo kila mwaka yana uwezekano wa angalau asilimia 1 wa kufurika. Asilimia 1 inasikika ndogo, lakini mkopo wa nyumba Marekani huchukua kawaida miaka 30, na katika muda huo uwezekano huo unajilimbikiza hadi kufikia kama asilimia 26. Aliye ndani ya mstari na mwenye mkopo uliodhaminiwa na serikali analazimishwa na sheria kukata bima. Aliye nje, hata kama ni hatua 20 tu kutoka hapo, halazimishwi na mtu, na benki isipomuuliza huona ameambiwa yuko salama. Maji hayajui mstari huo. FEMA yenyewe imeeleza kwamba takribani asilimia 40 ya madai hutoka nje ya maeneo yanayoitwa hatarishi. Mwaka 2020 taasisi ya utafiti ya First Street ilihesabu majengo na viwanja milioni 14.6 vyenye hatari kubwa nchini, wakati ramani za serikali zilionyesha milioni 8.7.

Ian yenyewe ilitoa ushahidi. Baada ya kuivunja pwani ilikatiza jimbo na kumwaga mvua karibu na Orlando, ndani kabisa ya nchi kavu, ambako wengi waliofurika hawakuwa na bima. Miaka miwili baadaye, Septemba 2024, Kimbunga Helene kiliingia kaskazini mwa Florida na kwenda kuua katika milima ya North Carolina, karibu na Asheville. Huko kuna wilaya ambazo hata asilimia 1 ya nyumba hazikuwa na bima ya mafuriko. Nani angeikata mlimani?

Ramani, kwa upande mwingine, ni siasa. Mstari ukisogezwa kuingiza mtaa mpya, bei ya nyumba za mtaa huo inayumba, na viongozi wa mji huajiri wahandisi wao kuupinga. Florida haitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi, kwa hiyo serikali za mitaa zinategemea sana kodi ya majengo, na jengo linalolipa vizuri ni lile linaloitazama bahari. Meya anayezuia ujenzi ufukweni anapunguza mishahara ya zimamoto wake mwenyewe. Fidia ikihitajika, bili inakwenda Washington. Kwa mpangilio huo sishangai kwamba ujenzi haukukoma. Ningeshangaa kama ungekoma.

Anayetaka kuona mambo haya yakiwa yamesimama kama mji aende Cape Coral. Mwaka 1957 ndugu wawili, Leonard na Jack Rosen, waliokuwa wametajirika kwa kuuza dawa ya nywele kupitia televisheni, walinunua rasi iliyo ng'ambo ya Fort Myers, iliyojaa mikoko na misonobari. Walichimba mifereji na kuutumia udongo wake kuinua viwanja, hivyo kila mnunuzi angeweza kuwa na maji nyuma ya nyumba. Viwanja viliuzwa kwa simu, kwa barua na katika karamu za bure mijini kaskazini, kwa watu ambao wengi wao hawakuwa wameikanyaga Florida. Leo mifereji hiyo ina urefu unaopita kilomita 600 na mji una watu wapatao laki mbili. Mfereji uliounganishwa na bahari ni njia ya kumfikisha mvuvi huko Jumapili, na ni njia ya kuifikisha bahari jikoni kwake siku ya kimbunga. Mikoko iliyokuwa ikivunja nguvu ya mawimbi iling'olewa mapema kabisa.

Mwendo mfupi wa gari kaskazini-mashariki upo mji mpya wa Babcock Ranch, ambao wakazi wake wa kwanza walihamia 2018. Ulijengwa mbali na ufukwe, juu ya ardhi iliyoinuka, vinamasi vya asili vikaachwa vipokee maji, na nyaya za umeme zikazikwa chini. Ian ilipita juu yake. Uharibifu ulikuwa mdogo na taa hazikuzimika. Si mji wa maskini, sikatai, na waliopanga walianza na ardhi tupu, bahati ambayo Fort Myers Beach haina. Lakini unaonyesha kwamba hasara ya Florida haikuandikwa yote mbinguni.

Mnamo Oktoba 2021 FEMA ilianza kutumia njia mpya ya kupanga bei. Zamani nyumba mbili zilizo ndani ya eneo moja la ramani, zenye kimo kinacholingana, zililipa karibu sawa, hata kama moja ilikuwa kibanda na nyingine jumba. Sasa huangaliwa umbali wa nyumba kutoka majini, aina za mafuriko yanayoweza kuifikia, na gharama ya kuijenga upya. Karibu robo ya wateja nchini walipunguziwa malipo, jambo lililofichua kwamba wenye nyumba za bei ndogo walikuwa wakiwabeba wenye nyumba za fahari. Wengine wote walianza kupandishiwa. Sheria inazuia ongezeko kupita asilimia 18 kwa mwaka kwa nyumba ambayo ndiyo makazi makuu ya mwenyewe, kwa hiyo ngazi ni ndefu: wakaguzi wa hesabu wa Bunge walikadiria kwamba mikataba mingi itafika bei kamili ifikapo 2037.

Wanaopinga wana hoja ambayo haipaswi kupuuzwa. Asilimia 18 kila mwaka inayazidisha malipo maradufu kabla ya mwaka wa tano kwisha. Mstaafu aliyemaliza mkopo wake halazimishwi tena kukata bima. Ankara ikimzidi, ataiacha. Kimbunga kikija atategemea msaada wa dharura wa FEMA, ambao mwaka 2024 kikomo chake kwa makazi kilikuwa dola 42,500, na wengi hupata elfu chache tu. Bei ya kweli iliyomtoa mtu kwenye bima haijapunguza hatari yake hata kidogo.

Nakubaliana na kila neno la hoja hiyo isipokuwa dawa yake. Wabunge wa pwani wanataka ongezeko lisitishwe kwa wote, na kwa wote maana yake ni pamoja na mwenye nyumba ya pili ya dola milioni tatu anayekuja kuota jua Januari. Njia nyingine ipo na imekwishaandikwa: wakaguzi wa Bunge wamependekeza ruzuku inayopimwa kwa kipato, na mwaka 2022 FEMA ilipeleka mapendekezo ya namna hiyo. Bunge limeyaacha mezani. Kazi yake imekuwa kuuongezea mpango muda mfupi mfupi, na hata hilo lilishindikana serikali ilipofungwa Oktoba 2025: kwa takribani wiki sita mikataba mipya haikuweza kuuzwa, katikati ya msimu wa vimbunga.

Wakati huohuo kanuni nyingine inafanya kazi yake bila makelele. Ukarabati ukigharimu nusu ya thamani ya jengo au zaidi, nyumba iliyo katika eneo la mafuriko lazima ifikishwe kwenye viwango vya sasa, na huko pwani hilo mara nyingi lina maana ya kuinuliwa juu ya nguzo. Bima huchangia hadi dola 30,000 kwa kazi hiyo, kiasi kisichokaribia gharama zake. Mwenye kibanda cha miaka ya 1950 anauza kiwanja. Anayekinunua anasimamisha jumba. Jumba hilo ni imara zaidi, kweli, lakini dola zilizowekwa mbele ya bahari zimeongezeka, na aliyeondoka ni yule ambaye bima nafuu ilidaiwa kumlinda.

Dola moja inayotumika kununua nyumba iliyofurika mara tatu na kukiacha kiwanja wazi ni bora kuliko ile inayoijenga mara ya nne. Na mfano wa serikali kuondoa mkono wake upo tangu 1982, Rais Reagan aliposaini sheria ya kulinda visiwa na fukwe zinazoikinga nchi kavu dhidi ya bahari. Sheria haikumkataza mtu kujenga humo. Ilisema tu kwamba anayejenga jengo jipya katika maeneo yaliyotajwa hatapata bima ya mafuriko ya serikali wala fedha za barabara. Ujenzi huko umekuwa mdogo sana ukilinganishwa na maeneo jirani.

Bunge la Florida lenyewe limeanza kusogea. Shirika la bima la jimbo, Citizens, ambalo huwapokea waliokataliwa na kampuni binafsi, linawataka wateja wake wa nyumba wawe pia na bima ya mafuriko, kwa awamu zinazoendelea hadi 2027. Tangu Oktoba 2024 muuzaji wa nyumba lazima amweleze mnunuzi kama amewahi kudai fidia ya mafuriko. Mwaka mmoja baadaye wajibu wa kutoa taarifa za mafuriko ukamfikia na mwenye nyumba anayepangisha kwa mwaka mmoja au zaidi.

Hilo la mwisho linawagusa wazungumzaji wa Kiswahili wa huko, wakiwemo wakimbizi kutoka Kongo waliopokelewa Jacksonville, hasa walio wapangaji na wanaodhani bima ya mafuriko ni ya wenye nyumba. Mpangaji anaweza kukinga vyombo vyake hadi dola 100,000. Ila mkataba mpya huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kulipiwa, na msimu wa vimbunga unafunguliwa tarehe 1 Juni. Kimbunga kikishapewa jina na kuonekana kwenye runinga, dirisha la kununua kinga dhidi yake limekwishafungwa.