Majina ya Kizungu: kupiga marufuku si dawa



Natoa maoni yangu juu ya majina ya Kizungu wanayopewa watoto wetu wa kiume. Wapo wananchi wanaotaka Serikali iyapige marufuku. Kwamba kasumba ipo, nakubali. Dawa yao ndiyo siafiki.

Tuanze na jirani zetu. Mwaka 1972 Rais Mobutu wa Zaire, ambayo sasa ni Kongo, aliyatupa majina yake ya Joseph-Désiré akajiita Sese Seko, na raia wakaamriwa kufanya vivyo hivyo. Padre aliyembatiza mtoto kwa jina la Kizungu alitishiwa jela. Mobutu aliangushwa mwaka 1997. Marais waliomfuata ni Laurent-Désiré, Joseph na Félix!

Hata Wafaransa walijaribu. Tangu mwaka 1803 sheria yao iliruhusu majina ya kalenda na ya watu wa historia ya kale tu, na ingawa ililegezwa mwaka 1966, haikufutwa mpaka 1993. Pamoja na hayo, mwaka 1991 jina lililoongoza huko kwa watoto wa kiume lilikuwa Kevin, ambalo asili yake ni Ireland.

Na hapo pana jambo ambalo wazazi wengi hapa kwetu hawalijui. Tunadhani kila jina la Ulaya lina heshima huko lilikotoka. Si kweli hata kidogo. Ujerumani, Kevin lilipopendwa na familia za kipato cha chini, wenye elimu walianza kulicheka. Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Oldenburg kilichunguza mawazo ya walimu wa shule za msingi, ikaonekana kuwa mtoto mwenye jina hilo alitazamiwa kuwa mtundu na mzito wa masomo, hata kabla mwalimu hajamwona. Huo ni ubaguzi wa kitabaka, na wa kulaumiwa ni walimu hao, si mama aliyempenda mwanawe. Lakini mzazi wa Mbagala anayedhani amemnunulia mtoto heshima ya Kizungu ajue kuwa duka lenyewe lina mambo yake.

Kinachonishangaza zaidi ni hawa akina Johnson, Jackson na Anderson. Johnson maana yake ni mwana wa John. Sasa baba ni Petro, babu ni Mateo, na John mwenyewe hayumo katika ukoo! Kule Iceland, kwa desturi yao, mtu haitwi Jónsson kama baba yake si Jón. Na tangu mwaka 1991 wana kamati ya kupima majina mapya, ambayo huangalia pia kama jina linakubali sarufi ya lugha yao. Sisi tulikwisha kuwa na Yohana, kama Wahispania walivyo na Juan, Waitalia Giovanni na Warusi Ivan. Kila taifa limelichukua jina hilo hilo likalifanya la kwao bila kuuliza mtu. Yohana wetu tunamwonea haya.

Hasara inayoonekana kwa macho iko kwenye karatasi. Jina ambalo mzazi mwenyewe hana hakika nalo kila karani huliandika kwa sikio lake: Kelvin kwenye cheti cha kuzaliwa, Kevin kwenye cheti cha kidato cha nne, Calvin kwenye kitambulisho cha Taifa. Kijana anapotafuta kazi, au anapofuatilia mirathi ya marehemu baba yake, anaambiwa hao ni watu watatu. Ndipo aanze safari za kwa wakili kula kiapo, na nauli hana.

Kwa hiyo ningeomba makarani wa usajili, katika vituo vya tiba na ofisi za kata, wamtake mzazi aliandike jina la mtoto kwa mkono wake mwenyewe, kisha alisome kwa sauti, kabla halijaingizwa. Kwa hilo hatuhitaji sheria mpya.

Msomaji wako,
Njombe