KARAKANA YA NYUMBANI: Mchoro Mmoja ni Shahidi Mmoja

Ndugu wasomaji, baadhi yenu mnaounda ndege za mfano pamoja na watoto wenu mmeniuliza namna ya kupata mchoro ulio sahihi, hasa wa zile ndege ndogo za Kiingereza za zamani. Leo nitajibu, lakini hapana budi nianze kwa kukiri kosa. Somo hili nimelipata kwa aibu, tena kwa gharama ya jasho la mtu mwingine.

Nilikuwa Lilongwe, Malawi, kwa kazi za ofisi. Siku moja shughuli zilinifikisha Dzaleka, wilayani Dowa, mwendo wa kilomita zipatazo 45 kutoka mjini. Wakati wa utawala wa Rais Kamuzu Banda mahali hapo palikuwa gereza. Tangu mwaka 1994 pamekuwa makazi ya wakimbizi, na hivi leo wamezidi 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mswahili akifika huko hahitaji mkalimani. Hata jina la chombo tunachokizungumzia halimpi taabu: sisi twasema ndege, Wachewa husema ndege vilevile, na Wakongo husema ndeke.

Nilimkuta kijana mmoja wa Kikongo akifanya kazi mbele ya nyumba yao. Watoto wa Malawi ni hodari wa kuunda magari ya waya waitayo galimoto. Yeye alikuwa ameivuka daraja hiyo, akiunda ndege kwa bati la makopo, waya na mwanzi. Mgeni fulani alikuwa amemwagiza ndege ya aina ya Rapide, urefu wake uwe sehemu moja ya 24 ya ndege halisi, na alimwachia karatasi yenye mchoro. Kijana aliposikia kwamba nina cheti cha ualimu, alinikabidhi ile karatasi kwa mikono miwili.

"Mwalimu, nitazamie," akasema. "Mimi nina mkono, lakini sina kitabu."

Rapide si ndege ngeni kwetu. Iliundwa na kampuni ya de Havilland ya Uingereza, na iliruka mara ya kwanza mwezi Aprili 1934. Ni ndege ya mbao na plaiwudi iliyovikwa kitambaa, yenye injini mbili, na mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipoanza safari zake mwezi Januari 1946, lilianza na Rapide sita. Huko Nyasaland, ambayo ndiyo Malawi ya leo, kampuni ya Rhodesia and Nyasaland Airways, iliyoundwa mwaka 1933, ilizitumia pia, na Blantyre ilikuwa mojawapo ya vituo vyake.

Basi nikachukua rula. Vipimo vya Rapide vinajulikana: kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ni futi 48, na kutoka pua hadi mkia ni futi 34 na inchi 6. Waingereza walipima kwa futi na inchi, kwa hiyo skeli ya 24 ni nyepesi sana: kila futi moja ya ndege halisi huwa nusu inchi katika mfano. Mabawa yapaswa kuwa inchi 24, yaani sentimita 61 hivi. Kiwiliwili kiwe sentimita 43.8.

Kijana alikuwa ameukuza mchoro hadi mabawa yakatimia barabara. Kiwiliwili nilikipima nikapata sentimita 44.4. Zilizidi milimita sita. Nikajisemea kwamba milimita sita si kitu, huenda ni karatasi imevutika katika mashine ya kunakilia. Nikamwambia, "Mdogo wangu, mchoro ni mzuri. Endelea." Nikarudi Lilongwe nikiwa nimejiridhisha kwamba nimetenda wema.

Alifanya kazi wiki tatu. Mgeni alipokuja kuichukua ndege yake, aliitazama mara moja akasema hiyo siyo Rapide, akaondoka bila kulipa. Bati, gundi na rangi vilikwisha nunuliwa kwa fedha ya akiba ya nyumbani. Habari ilinifikia kwa simu, na kijana hakunilaumu hata kidogo. Aliuliza tu, "Mwalimu, kosa langu ni lipi?"

Swali hilo lilininyima usingizi. Usiku uleule nilimpigia simu mama watoto, nikamwomba aipige picha ile picha ya marehemu babu iliyotundikwa sebuleni, anitumie. Babu alikuwa mchukuzi wa mizigo katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam miaka ya mwisho ya 1940. Katika picha amesimama chini ya bawa la Rapide, mfuko wa barua begani. Tangu utotoni nimemtazama babu. Sikuwahi kulitazama bawa. Usiku ule nikaona kwamba bawa linapungua upana kadiri linavyokwenda mbali na kiwiliwili, hata mwishoni linakuwa jembamba kama jani la mwembe. Katika mchoro wa kijana bawa lilikuwa pana karibu sawasawa toka mwanzo hadi mwisho, na ncha yake imeviringana.

Ndipo nikaelewa. Mchoro ulikuwa wa ndege nyingine, Dragon, kaka mkubwa wa Rapide, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1932. Mtu fulani aliandika jina la mdogo juu ya sura ya mkubwa. Urefu wa kiwiliwili chao ni uleule, futi 34 na inchi 6, lakini mabawa ya Dragon ni futi 47 na inchi 4. Kijana alipoyavuta mabawa hayo hadi futi 48, kiwiliwili nacho kilivutika pamoja nayo. Zile milimita sita nilizozidharau ni karibu nusu futi katika ndege halisi. Zilikuwa zikinieleza ukweli wote, nami nikazinyamazisha.

Ninyi mlio askari mnalijua jambo hili kuliko mimi. Polisi hafungi jalada kwa maneno ya shahidi mmoja, wala mwanajeshi haongozi kikosi kwa ramani ambayo hajailinganisha na mlima anaouona. Mchoro nao ni shahidi. Ahojiwe kwa utaratibu ufuatao.

Kwanza, amua ndege moja, na ya mwaka gani. Usiseme Rapide tu. Zile zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1937 ziliongezewa vibawa vidogo vya kushusha mwendo chini ya mabawa ya chini. Za awali hazikuwa navyo. Herufi zilizoandikwa ubavuni zitakusaidia kujua ndege ilikuwa ya wapi: VR-T ilikuwa Tanganyika, VP-K Kenya, VP-U Uganda, VP-Z Zanzibar na VP-N Nyasaland.

Pili, tafuta vipimo mahali pengine pasipokuwa kwenye mchoro huo. Vitabu vya A. J. Jackson juu ya ndege za kiraia za Uingereza na juu ya ndege za de Havilland vina vipimo, historia na michoro midogo ya pande tatu. Jarida la Aeromodeller, lililoanza mwaka 1935, limechapisha michoro mingi ya namna hii.

Tatu, gawanya upana wa mabawa kwa urefu wa kiwiliwili. Kwa Rapide jibu ni 1.39, mchoro uwe mkubwa au mdogo. Ukipata 1.37, kama nilivyopaswa kupata siku ile, simama. Ama karatasi imevutika, ama ndege siyo. Kadhalika, urefu katika mchoro wa ubavuni lazima ulingane na urefu katika mchoro wa juu. Tumia bikari, jicho hudanganya.

Nne, linganisha na picha halisi, wala isiwe moja. Makumbusho ya de Havilland yaliyoko London Colney, Uingereza, yanayo Rapide, na katika uwanja wa Duxford nyingine zingali zinapakia abiria, hivyo picha zake si adimu. Tazama ncha za mabawa, umbo la mkia na vifuniko vya magurudumu. Hapo ndipo wachoraji wengi huteleza. Vipimo vyaweza kukubaliana, sura ikakataa.

Mwenye simu na uhuru wa kusafiri atayafanya haya kwa siku chache. Kijana yule hashuki mjini apendavyo, maana mwaka 2023 serikali ya Malawi iliwataka wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warejee Dzaleka. Kwa hiyo mtu kama yeye hutegemea neno la anayemjia. Anayemjia akisema "mchoro ni mzuri" bila kuhakikisha, amemchukulia wiki tatu za maisha yake.

Kabla ya kuondoka Malawi nilirudi Dzaleka. Nilimpelekea mchoro wa kweli wa Rapide, nikiwa nimeukagua mara mbili, pamoja na nakala ya picha ya babu na bikari mpya. Nikamweleza kosa lilikuwa la nani. Kisha nikainunua ile ndege iliyokataliwa, kwa bei aliyokuwa ameahidiwa na mgeni, kwa kuwa haikuwa na dosari yoyote. Ilikuwa Dragon safi, iliyopewa jina lisilo lake, na Dragon nayo ilitumiwa na kampuni ileile iliyofika Blantyre. Aliandika jina jipya chini ya kitako chake kwa rangi nyeupe, na mwaka 1932.

Halafu akaufungua mchoro niliompelekea. Hakunishukuru kwanza. Alichukua bikari, akapima mabawa, akapima kiwiliwili, akaandika hesabu yake pembeni kwa kalamu ya risasi, akailinganisha ncha ya bawa na picha ya babu.

"Sawa, Mwalimu," akasema hatimaye. "Huu umekubali."

Ndivyo ninavyotaka watoto wetu wafanye, hata karatasi ikiwa imetoka mikononi mwetu wenyewe. Kwaherini hadi wiki ijayo.