Je, Twapenda Timu au Twapenda Ushindi?

Uko ugonjwa mmoja ulioenea katika shule zetu na miji yetu, nao ni mgumu kutibika, kwa kuwa wenye kuugua hawajijui kuwa ni wagonjwa. Ugonjwa huo ni kuipenda timu siku inaposhinda na kuitukana siku inaposhindwa. Msikilizeni mwenye ugonjwa huu. Timu yake ikishinda husema, "Tumeshinda." Ikishindwa husema, "Wameshindwa." Sisi walimu twajua kwamba maneno hayo mawili yatofautiana kwa silabi ya kwanza na ya mwisho, lakini katika ile silabi ya kwanza mtu hujitoa katika nyumba aliyokula karamu yake jana.

Hatuandiki haya kana kwamba sisi tu wasafi. Katika shule moja tuliyopata kufundisha zamani, timu yetu ya mpira wa miguu ilishindwa na shule jirani kwa bao moja, mchezo ukiwa karibu kwisha. Mpira ulimpita mlinda lango katikati ya miguu. Tulipokuwa tukirudi katika lori, wenzake wakamtungia wimbo wa kumcheka, wakauimba njia nzima na kulitaja jina lake. Walimu tuliketi mbele na dereva tukisikia yote. Wengine wetu walicheka, nasi tulikuwa miongoni mwao. Jumatatu kijana hakuja shuleni, wala Jumanne. Alhamisi alikuja akaketi nyuma kabisa, na mpira hakuucheza tena maisha yake yote ya shule. Kabla ya siku ile alikuwa ameokoa mabao mengi tusiyoweza kuyahesabu, na hakuna aliyemtungia wimbo.

Jambo hilo lilikaa mioyoni mwetu miaka mingi. Kisha tukaliona tena mbali, kwa ukubwa uliozidi, katika Chuo Kikuu cha Virginia nchini Marekani. Huko michezo ya vyuo ni jambo kubwa. Watu hujaza majumba ya michezo, na mji mzima huvaa rangi za chuo chao. Tulianza kuifuata timu yao ya mpira wa kikapu kwa ajili ya kijana mmoja wa Kiafrika, Mamadi Diakite, mzaliwa wa Conakry nchini Guinea. Mtu humpenda mwana wa kwao hata akiwa ugenini, basi kwa kumpenda huyo tukawapenda na wenzake.

Yafaa kwanza tueleze desturi ya mashindano yao. Kila mwaka, mwezi wa Machi, vyuo vilivyofanya vema hukutanishwa katika mashindano ya taifa, na timu ikishindwa mara moja hurudi nyumbani. Timu hupangwa katika makundi manne, na katika kila kundi hupewa nafasi, tangu ya kwanza, iliyo ya timu hodari, hata ya kumi na sita, iliyo ya timu dhaifu. Tangu mpango huo uanze mwaka 1985, timu za nafasi ya kwanza zilikuwa zimepambana na za nafasi ya kumi na sita mara 135, wala hazikushindwa hata mara moja.

Mwaka 2018 Virginia waliingia katika nafasi ya kwanza, wakiwa wameshinda michezo 31 na kushindwa 2 tu. Katika ulinzi hawakuwa na wenzao, maana waliruhusu kama pointi 54 tu kwa kila mchezo. Tarehe 16 Machi, katika mji wa Charlotte, wakakutana na Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County, kilichokuwa katika nafasi ya kumi na sita. Kwetu ilikuwa karibu na alfajiri, nasi tulikuwa walimu watatu tumeinamia simu moja. Kipindi cha kwanza kikaisha 21 kwa 21. Katika kipindi cha pili wale wadogo wakatia pointi 53, yaani karibu sawa na zile ambazo Virginia walizoea kuruhusu katika mchezo mzima. Mwisho ukawa 74 kwa 54. Virginia walikuwa wamemkosa De'Andre Hunter, mmoja wa wachezaji wao hodari, aliyevunjika kifundo cha mkono, lakini mwenye hasira hataki kusikia udhuru. Mwenzetu mmoja akaizima simu akasema, "Hawa si kitu, sitawatazama tena." Nasi tukalikumbuka lile lori.

Yaliyofuata ndiyo yaliyotusukuma kuandika. Wanafunzi wale walitumiwa matusi, hata na vitisho vya kuuawa. Mmoja wao, Kyle Guy, kijana wa miaka 20 wakati ule, aliandika hadharani habari za hofu na wasiwasi uliomsumbua moyoni. Fikirini, ndugu, mtoto wa mtu alikwenda chuoni kusoma na kucheza, na watu wazima ambao hajapata kuwaona wakamtishia uhai wake kwa sababu mpira haukuingia kikapuni.

Sasa tazameni yaliyokuwa mwaka uliofuata. Tarehe 30 Machi 2019, mjini Louisville, Virginia walikuwa nyuma ya Purdue kwa pointi 2, zikiwa zimebaki sekunde chache. Ty Jerome akakosa mtupo huru. Diakite akaupiga mpira kwa mkono, ukaruka nyuma mbali. Kihei Clark, kijana mfupi wa mwaka wa kwanza, akaufukuzia, akaushika, akamtupia Diakite kwa pasi ndefu. Diakite akaurusha, king'ora kikalia mpira ungali hewani, nao ukaingia. Wakashinda 80 kwa 75 katika muda wa nyongeza. Mchezo uliofuata, walipocheza na Auburn, walikuwa nyuma tena kwa pointi 2, na sekunde moja kamili haikuwapo iliyobaki. Kyle Guy, yule yule aliyetukanwa, akachezewa vibaya, akapewa mitupo huru mitatu, akaitia yote. 63 kwa 62. Nayo fainali, tarehe 8 Aprili mjini Minneapolis, Hunter alisawazisha zikiwa zimebaki sekunde zisizofika 15, ndipo wakawashinda Texas Tech 85 kwa 77 katika muda wa nyongeza. Wakawa mabingwa wa taifa, na waliotukana jana wakawa wa kwanza kusema, "Tumeshinda."

Lakini katika ule mchezo na Auburn, sekunde chache kabla ya kosa alilochezewa Guy, Jerome alidunda mpira mara mbili kinyume cha sheria, na waamuzi hawakupiga filimbi. Lau wangalipiga, huenda vijana wale wale, wenye bidii ile ile na mioyo ile ile, wangalirudi nyumbani kuitwa watu wa bure. Basi twauliza, mapenzi gani haya ambayo huning'inia kwenye filimbi ya mwamuzi?

Tena habari haikuishia hapo. Tarehe 16 Machi 2023, miaka mitano kamili baada ya usiku wa Charlotte, Virginia walicheza na Furman mjini Orlando. Walikuwa mbele kwa pointi 2, na mchezo unakwisha. Mpira ulikuwa kwa Kihei Clark, aliyekuwa sasa mkubwa wa timu, ambaye katika historia yote ya timu ile hakuna aliyewapa wenzake pasi za kufungia nyingi kuliko yeye. Wapinzani wakambana pembeni, akautupa mpira mbele kwa haraka, nao ukanaswa. Furman wakatia pointi 3 zilipobaki kama sekunde mbili. Mwisho ukawa 68 kwa 67. Mkono uliowapa Virginia pasi ya Louisville ndio uliotupa mpira wa Orlando. Mwenye kuusifu mkono ule siku ile na kuulaani siku hii hakumpenda Clark hata dakika moja. Alipenda furaha yake mwenyewe, na Clark alikuwa chombo tu cha kumletea.

Twajua watakavyotujibu. Wa kwanza atasema, "Kumkemea mchezaji humtia bidii." Ndugu, kukemea ni kazi ya mlezi, anayemjua kijana na atakayekuwa naye kesho. Tusi la mgeni halimfundishi mtu neno. Tony Bennett, aliyekuwa mkufunzi wa Virginia, usiku ule wa Charlotte alikuja mbele ya waandishi wa habari akawasifu waliomshinda, wala hakumtafuta mwanafunzi wa kumtwika lawama. Na mwaka 2019, alipotolewa nyongeza ya mshahara baada ya ubingwa, aliikataa, akataka fedha zile ziwafae wasaidizi wake na michezo ya chuo. Mtu huyo hakulewa ushindi kwa sababu hakuvunjwa na kushindwa. Vijana wale waliinuliwa na malezi kama hayo, wala si na vitisho.

Wa pili atasema, "Siku hizi wanalipwa, basi tuna haki ya kuwasema." Ni kweli, tangu Julai 2021 wanafunzi wa Marekani waliruhusiwa kupata fedha kwa majina yao, na tangu mwaka 2025 vyuo vyenyewe vyaweza kuwalipa. Lakini mwalimu naye hulipwa. Je, mzazi ambaye mwanawe ameanguka mtihani aweza kumtumia mwalimu barua ya kumtishia uhai, kisha akasema ni haki yake kwa kuwa mshahara umetolewa? Mshahara hununua kazi ya mtu. Heshima yake haiuzwi.

Wa tatu ndiye mbaya kuliko wote, naye husema, "Nimepoteza fedha zangu kwa ajili yake." Huyo ni mcheza kamari. Mwezi Mei 2018 Mahakama Kuu ya Marekani iliondoa sheria iliyozuia majimbo mengi kuruhusu kamari ya michezo, na tangu hapo imeenea sana. Mwezi Machi 2024 Charlie Baker, mkuu wa chama kinachosimamia michezo ya vyuo, aliyasihi majimbo yapige marufuku kamari inayowekwa juu ya mchezaji mmoja mmoja, kwa kuwa wanafunzi wanasumbuliwa. Wala tusiwacheke Wamarekani, maana vijana wetu nao hukaa chini ya miembe na simu zao wakifanya yayo hayo. Mwenye kuweka fedha juu ya jasho la mwanafunzi hadai kitu kwake, na akipoteza asimtafute mwingine wa kumlaumu.

Sisi tulio Wakristo tungeijua habari hii kuliko wengine wote. Tunasoma kila mwaka juu ya watu waliotandaza nguo zao njiani kwa shangwe, na kabla ya juma kwisha mji ule ule ukapiga kelele nyingine. Hatusemi kwamba mcheza mpira afananishwa na Bwana wetu, hasha. Twasema kwamba mkutano wa watu haujabadilika, na kwamba kila mmoja wetu amewahi kusimama ndani yake.

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Sisi twaongeza kwamba asiyekubali kushindwa pamoja na timu yake si mwenzao. Hesabuni wenyewe. Katika mashindano yale ya mwaka 2019 ziliingia timu 68. Timu 67 zilirudi nyumbani zikiwa zimeshindwa. Kama wapenzi wa timu hizo wote wangekuwa wapenzi wa ushindi tu, timu moja peke yake katika nchi nzima ingalipata mtu wa kuipokea.

Basi, walimu wenzetu, yatupasa mambo matatu. Timu ya shule ikirudi na habari mbaya, mwalimu mkuu na awe wa kwanza langoni kuipokea, na chakula kiwe kile kile ambacho kingepikwa kama wangeshinda. Wimbo wowote unaomtaja mtoto mmoja kwa kumcheka ukomeshwe pale pale garini, wala si kesho yake. Tena tuwafundishe watoto kusema, "Tumeshindwa," kwa kinywa kile kile kinachosema, "Tumeshinda."

Yule mlinda lango wetu sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Tulikutana naye sokoni mwaka uliopita, akatuamkia, "Shikamoo, mwalimu," akatubebea kikapu mpaka njia panda. Hakutaja habari ya mpira, nasi hatukuwa na ujasiri wa kuitaja. Tuliachana naye tukiwa hatujalipa deni letu. Walimu wenzetu, msingoje miaka mingi kama sisi. Lori lenu likirudi Jumamosi hii, aliyekosa na aketishwe mbele pamoja nanyi.