KIZIWA CHA VEDIUS NA KIOO CHA TAA YETU



Juma lililopita, katika somo la Latini, mwalimu alitusimulia habari ya matajiri wa Roma waliofuga samaki wakali mu viziwa vya maji ya chumvi. Mmoja wetu akauliza kama mutu anaweza kufuga hata papa. Kalasi yote ikacheka, kwani kwetu papa ni baba ya mutu. Mwalimu akaeleza kwamba ni ule samaki wa bahari ambaye Wafaransa wanamwita requin. Tulicheka, lakini tulipotoka tuliona kama ile habari inatuhusu sisi pia. Njo maana tunaandika.

Kwanza tuseme namna viziwa vile vilivyokuwa. Waroma walivichimba kandokando ya bahari, karibu na Napoli. Walipitisha mufereji ili maji ya bahari yaingie na kutoka, kwani samaki wa bahari hawezi kukaa siku nyingi mu maji yasiyobadilika. Ku mulango wa mufereji waliweka shaba yenye matundu madogo: maji yanapita, samaki hapiti. Lucullus alitoboa hata mlima ili bahari ifike kwake. Columella, aliyeandika juu ya kilimo, alikataza kuchanganya mikunga na samaki wengine. Mukunga ni samaki murefu kama nyoka, mwenye meno makali. Columella alisema kama akishikwa na kichaa, sawa vile imbwa, anamaliza wenzake.

Na kiziwa namna hii kinalisha nani? Etangi yetu hapa ku shule tunaitupia majani na makombo ya bugali, nayo inatupa tilapia ya siku kuu. Samaki mkali si vile: anataka nyama ya samaki wengine. Na hata mwenye samaki wapole alipata hasara. Varro anaandika juu ya Hortensius kwamba alikuwa na viziwa vyake, lakini alipotaka kula samaki, alinunua ku soko ya Puteoli. Tena alihangaikia samaki mgonjwa kupita mtumwa mgonjwa. Kile kiziwa kilikuwa cha kuonyesha wageni tu.

Watu wa siku hizi nao wamejaribu. Ku Monterey, California, mu mwaka 2004, waliweka papa mweupe mdogo mu tanki kubwa ya maji ya bahari. Alikaa siku 198, lakini aliuma papa wengine wawili wakafa, na mu 2005 wakamrudisha baharini. Ku Okinawa, Japani, mu 2016, mwingine wa metre 3,5 alikufa kiisha siku tatu. Na wale ni wataalamu wenye mashini.

Lakini neno lililotugusa zaidi ni la Vedius Pollio. Huyu alifuga mikunga. Siku moja Kaisari Augusto alikuwa kwake mezani, mtumwa kijana akavunja kikombe cha kioo. Vedius akaamuru atupwe mu kiziwa, mikunga wamule. Kijana akakimbilia miguu ya Kaisari. Hakuomba kuishi, aliomba tu auawe kwa namna ingine, asiwe chakula cha samaki. Augusto akamwachilia, akaagiza vikombe vyote vya kioo vivunjwe mbele ya mwenye nyumba, na kiziwa kijazwe. Seneca njo anayesimulia. Dio anaongeza kwamba Vedius alizaliwa na watu waliokuwa watumwa wakaachwa huru.

Sasa turudi kwetu. Mwezi uliopita mtoto wa kalasi ya saba alivunja kioo cha taa ku masomo ya mangaribi. Alikuwa anapangusa meza. Sisi makapita tulimpa azabu palepale: kulima peke yake, na kukosa chakula cha usiku siku mbili. Hakubishana. Siku ya tatu asubuhi alianguka ku mstari, mbele ya bendera. Tulisema ni malaria. Ilikuwa njaa, na sisi wote tulijua.

Hakuna kapita aliyezaliwa kapita. Miaka mitano iliyopita tulikuwa sisi wale wadogo. Tulibeba maji ya wakubwa, tukasema moyoni: siku yetu ikifika, hatutafanya hivi. Siku yetu imefika, na tumefanya vile vile.

Wengine watasema: bila azabu, vioo vyote vitavunjika. Hatukatai azabu. Anayevunja kwa ujinga apewe kazi. Lakini ile usiku hatukuuliza hata namna kioo kilivyoanguka. Tulikuwa na hasira, na wenzetu walikuwa wanatuangalia, basi tukataka kuonyesha nguvu, kama Vedius mbele ya mgeni wake.

Kwa hiyo tunaomba Bwana Prefe na walimu wakubali mambo matatu. Moja, kapita asitoe azabu siku ileile. Angoje asubuhi, na mwenye kosa asikilizwe. Mbili, chakula cha mwanafunzi kisiguswe hata kidogo, kwa kosa lolote. Tatu, sehemu ya tilapia za etangi iuzwe, na feza zikae kwa mwekahazina ili kununua vitu vinavyovunjika.

Kioo kipya tumekwisha kukinunua kwa feza zetu. Ule mtoto tulimwomba musamaha mu chumba. Leo tunamwomba mbele ya wote, kwani azabu yake ilikuwa mbele ya wote.

Mwenye mawazo mengine aandike. Hata awe wa kalasi ya saba, tutayachapa mu namba ijayo.

Kwa niaba ya makapita, mfinalisti wa Latini-Filozofia