Roketi Imeshawahi Kuja Kwetu

Houston, Texas

Wababa na wamama wa Bigo, Bunia, na nyinyi vijana wa avenyu yetu,

Huku tuko wazima, joto limeanza, na umeme hauendi ovyo, basi sina la kulalamika. Naandika kwa sababu vijana hawaniachi. Tangu video za roketi za Texas zianze kuzunguka kwenye simu wananiuliza mambo mawili: je, nimeiona ile mashine kwa macho? Na kampuni kama ile inayozirusha haiwezi kuja Ituri, ikatuletea barabara na kazi?

Nimeiona. Kutoka hapa Houston unaendesha gari zaidi ya saa sita kwenda kusini mpaka nchi inapoishia, pale Rio Grande inapoingia baharini na ng'ambo yake ni Meksiko. Mahali penyewe paliitwa Boca Chica: nyumba thelathini hivi, wakazi wake wengi wakiwa wastaafu, na ufuko ambao familia za Brownsville zilikwenda kuvua na kuogelea bila kulipa kitu. Kampuni ya SpaceX ya Elon Musk ilianza ujenzi mwaka 2014. Mwaka 2019 wenye nyumba wakaletewa barua: kampuni itanunua kwa mara tatu ya thamani iliyopimwa, na muda wa kujibu ni wiki mbili. Wengine waliuza, wengine walikataa. Siku za majaribio hufungwa barabara ya kwenda ufukoni, nayo ni moja tu. Tarehe 20 Aprili 2023, roketi kubwa iitwayo Starship iliporuka mara ya kwanza, zege lililokuwa chini yake lilipasuka na kutawanyika, na vumbi likadondoka mpaka Port Isabel, kilomita kama 10 kutoka pale.

Kazi zipo, sitawadanganya. Brownsville ilihesabiwa kati ya miji maskini ya Marekani, na leo fundi wa kuchomelea vyuma anapata mshahara pale. Lakini sikieni hili. Tarehe 3 Mei 2025 wakazi walipiga kura ili mahali pale pawe mji kamili, jina lake Starbase. Ndiyo zilikuwa 212, hapana 6. Wengi wa wapiga kura walikuwa watu wa kampuni au jamaa zao, maana wengi wa zamani walishaondoka. Kura ilikuwa halali kabisa. Ukishabadilisha watu wanaokaa mahali, huna haja ya kuiba kura.

Sasa swali la pili, na hapa wazee wanisaidie, kwa sababu wenye umri wanaikumbuka Kongo yetu ilipoitwa Zaire. Kampuni ya roketi ilishakuja kwetu, tena kabla SpaceX haijazaliwa.

Iliitwa OTRAG, kampuni binafsi ya Ujerumani Magharibi iliyoanzishwa na injinia Lutz Kayser. Mwenyekiti wake alikuwa Kurt Debus, yule aliyekuwa ameongoza kituo cha roketi cha Kennedy wakati Wamarekani wanakwenda mwezini. Mwaka 1976 walifanya mkataba na serikali ya Rais Mobutu wakapewa kipande cha Shaba, ndiyo Katanga, cha kilomita za mraba kama 100,000. Ituri yetu nzima, kuanzia Aru mpaka Mambasa, haifiki 66,000. Mkataba ulikuwa wa kufika mwaka 2000. Kampuni ilipewa haki ya kulitumia eneo lile bila kizuizi, na ikihitaji watu waondolewe, serikali ndiyo itawaondoa.

Waliweka kambi na kiwanja cha ndege kwenye uwanda ulio juu ya bonde la mto Luvua. Vijana wenye kupenda ufundi watafurahi kusikia kwamba roketi ile ilikuwa mabomba yaliyofungwa pamoja, na vali zake zilifunguliwa na mota za waipa za gari. Ya kwanza iliruka tarehe 17 Mei 1977. Ya pili iliruka tarehe 20 Mei 1978, siku moja baada ya askari wa Ufaransa kushuka na miavuli Kolwezi kupigana na waasi. Jimbo moja, wiki moja: huku vita, kule roketi. Ya tatu, tarehe 5 Juni 1978, Mobutu alikwenda mwenyewe kuitazama, nayo ikapinda njia na kuanguka mbele yake.

Nchi jirani zilianza kuogopa, na Moscow ikapiga kelele kwamba Wajerumani wanatengeneza silaha. Mwaka 1979 Mobutu akaivunja kazi yote, na kampuni ikahamia Libya. Wakati wa kutoa ardhi watu wa Luvua hawakuulizwa, na wakati wa kuirudisha hawakuulizwa vilevile. Texas walau kulikuwa na sanduku la kura.

Mobutu alipata wapi nguvu ya kutoa eneo linaloipita Ituri kwa ukubwa? Sheria ya ardhi ya Julai 1973 inasema udongo wote ni mali ya Serikali. Sheria hiyo nyinyi mnaijua kuliko mimi. Sitaki kutonesha kidonda, ila kule Djugu, ndani ya Ituri yetu, mwaka 1999 moto wa vita ulianzia kwenye karatasi za konsesio: mtu anapata hati mjini juu ya shamba lenye watu, miaka miwili inapita bila mwenye kupinga, kisha anakuja na polisi. Na mwaka 2010 mafuta ya Ziwa Albert yaligawiwa kwa ordonansi ya rais kwa Caprikat na Foxwhelp, kampuni mbili zilizoandikishwa Visiwa vya Virgin vya Uingereza. Sijui ni mvuvi gani wa Kasenyi au Tchomia aliyeitwa mezani siku ile.

Kwa hiyo msicheke mkisikia roketi. Wenye biashara hiyo hupenda ikweta kwa sababu mzunguko wa dunia unasukuma zaidi pale, na Bunia iko digrii moja na nusu tu kaskazini yake. Mwaka 2023 Djibouti ilitia sahihi makubaliano na kampuni ya Hong Kong kwa ajili ya kituo cha kurushia roketi huko Obock, pwani kavu ya wafugaji na wavuvi. Wakija Ituri, mimi sitasema wafukuzwe. Nitataka kuona mkataba kabla haujatiwa sahihi, usomwe kwa Kiswahili sokoni, na machifu wasiitwe kunywa soda tu.

Na karatasi zianzie nyumbani. Mjomba, zile hela nilizotuma mwezi uliopita ni za parseli, siyo za matanga. Nenda kadasta, wapimaji waje, majirani watie sahihi kwenye PV, ile hati ya upimaji, unipigie picha ya kila ukurasa.

Msalimieni Mama Mkubwa.

Ndugu yenu wa Houston