Manjano ya 'nano': usimpe mtoto kabla ya kuuliza

Mama mmoja wa Ilula, wilayani Kilolo, ameniuliza kama vidonge vya manjano vilivyoandikwa 'nano' vitamsaidia mwanawe asiyependa kula.

Kiini cha manjano huitwa kurkumini. Hakiyeyuki vizuri kwenye maji, na ini hukibadilisha haraka, hivyo kinachofika kwenye damu ni kidogo sana. Watengenezaji hukifungia ndani ya chembe ndogo mno za mafuta, zinazopimwa kwa nanomita, ili kifyonzwe vizuri zaidi tumboni. Milimita 1 ina nanomita milioni 1. Wengine huchanganya pilipili manga. Utafiti wa India wa 1998 ulionyesha kuwa kiini chake, piperini, kiliongeza kurkumini kwenye damu ya watu wazima karibu mara 20.

Mzazi, hapo ndipo pa kuwa makini. Dawa ikiingia kwa wingi, madhara nayo huweza kuongezeka. Italia mwaka 2022 na Australia mwaka 2023 zilitoa tahadhari baada ya watumiaji wa vidonge vya manjano kuumia ini.

Manjano ya kwenye mchuzi hayana shida, endelea kupika. Vidonge usimpe mtoto bila ushauri wa daktari, hata kama vimesajiliwa. Mtoto asiyekula mpeleke kituo cha afya apimwe uzito, malaria na minyoo. Na kama ameshavimeza, ukaona macho ya njano au mkojo mweusi, mwahishe kituoni pamoja na kopo lake.